Kesho Asubuhi Hatutawaita

Mheshimiwa Ofisa Elimu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu wetu unayestaafu leo, walimu wenzangu, ndugu wazazi na wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi, mliokaa mbele na mliokaa nyuma: habari za asubuhi.

Nimepewa heshima ya kumuaga mama ambaye nusu ya ukumbi huu aliifundisha kusoma, na nusu iliyobaki aliifundisha kunyamaza. Mnacheka, maana mnajijua. Kengele ya shule ilipoibiwa, sauti yake ikachukua kazi ile, na tangu hapo hakuna mtoto aliyemwita jina lingine ila Bi Kengele.

Ndugu zangu, kiwanda cha nguo kilipofungwa, nani kati yetu hakuona malori yakibeba vitanda na masufuria? Familia zilihama moja baada ya nyingine. Na sote tunajua ruzuku ya serikali huja kwa idadi ya vichwa: vichwa vikipungua, chaki hupungua, mwalimu huhamishwa, na mwisho mlango hupigwa kufuli. Lakini Bi Kengele hakumfuta mtoto yeyote kwenye daftari la mahudhurio. Hakufanya hivyo kwa ujanja, naapa. Alisema, "Mtoto akirudi akute nafasi yake." Kila asubuhi akawaita wote, waliopo na waliohama, na watoto, kwa utani wao, wakawaitikia wenzao: "Nipo!"

Mheshimiwa, wewe ulikuja kuhakiki. Ulisimama pale mlangoni, simu mkononi, macho kwenye simu, ukahesabu kwa masikio. Idadi ikatimia, ukanywa chai, ukatupongeza. Sikulaumu hata kidogo. Ila Bi Kengele hakutaka udanganywe, na asubuhi ile alikuwa amewakataza watoto kuitikiana. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao, nikiitazama midomo yao. Ilikuwa imefumbwa. Je, waliokuitikia kule nyuma walikuwa nani?

Tuliogopa, tukanyamaza. Na matokeo ya mitihani yakaendelea kupanda, huku madawati yakibaki wazi. Wataalamu wa wilaya wakasema darasa dogo hufundishika. Labda ni kweli. Lakini mtoto mmoja wa darasa langu aliniambia, "Mwalimu, nikikwama kwenye hesabu, kuna mtu nyuma ananinong'oneza. Na hakosei." Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na dawati la binti yangu.

Wengi mnamjua binti yangu, Kasuku, mtoto asiyeweza kufunga mdomo hata akiwa anatafuna. Mwaka jana nilimpeleka kwa mama yake mdogo, akasome mbali, kwenye shule yenye maabara. Mwalimu wake mpya akanipigia simu. "Mama, huyu mtoto ana tatizo gani? Anakaa tu. Nikimwita haitiki, na akiitika ni kama namwamsha." Akaniambia pia kwamba watoto wote waliotoka kwetu wako hivyohivyo, na kwamba shule yao imeporomoka wilayani na hakuna anayejua sababu.

Nikaomba nizungumze na mwanangu. Akasema, "Mama, mwambie Bi Kengele asiniite asubuhi. Nikiitika kwenu, huku nachelewa kurudi."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kwenye korido, watoto wakinitazama.

Wiki iliyopita nilimkuta Bi Kengele ofisini akitoa vitu vyake kwenye droo, nikamweleza. Aliketi. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani nawawekea nafasi. Kumbe nilikuwa nimewashika nguo." Halafu akaniomba kitu kimoja tu, na hiyo ndiyo zawadi anayoitaka leo, kwa hiyo lile sanduku la vyombo mtampa pia, lakini si zawadi yenyewe. Alisema, "Nikiondoka, usiniite. Nataka nikilala nyumbani kwangu, niwe nimelala mzima."

Mheshimiwa, mimi ndiye ninayekabidhiwa shule hii. Naipenda. Nimesoma humu, nimefundisha humu, na kuta hizi nimezipaka rangi kwa mikono yangu. Najua ukihesabu kwa macho, hatutafika mwaka ujao, na huenda nikawa mwalimu mkuu wa muda mfupi kuliko wote waliowahi kutokea. Naogopa sana. Lakini shule gani hii, inayoishi kwa kuwanyima watoto kufika walikokwenda? Kesho asubuhi njoo uhesabu tena, na safari hii uweke simu mfukoni. Nitawaita waliopo tu.

Bi Kengele, asante kwa sauti yako. Sasa ipumzishe. Jina lako halitatajwa kwenye mstari.

Ndugu wageni waalikwa, mkisikia madawati ya nyuma yakisogea, nawasihi msigeuke, wasije wakaona aibu kuondoka. Wanangu, mmetusaidia vya kutosha. Nendeni darasani kwenu, walimu wenu wanawasubiri. Na wewe Kasuku... ndiyo, nimekusikia, mwanangu. Mama yupo. Nenda. Ukifika, ongea mpaka wakuchoke.

Mlango uacheni wazi kidogo, bado wanatoka.

Nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu asubuhi ya leo. Asanteni, na kwaherini.