Aliyeligeuzia Goli Mgongo

Ijumaa hii, mwisho wa mwezi, Mama Kinyume anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kulipigia picha gazeti letu. Wageni wa ofisi hii hudhani jina hilo ni la ukoo. Hapana. Alibandikwa na dawati la michezo, nami niliyekuwa mwandishi wa dawati hilo nilikuwepo.

Chanzo ni tabia yake. Kamera zote zikielekea upande mmoja, yeye hugeukia wa pili. Jengo likizinduliwa, atawapiga picha mafundi waliolijenga, wamesimama nje ya uzio. Mshindi akinyanyua kombe, atamtafuta aliyekaa chini akivua viatu. Kisha atazipanga picha mezani mbilimbili, anayeondoka na anayebaki, aliyepata na aliyekosa, azitazame mpaka chai ipoe. Mhariri wetu aliwahi kushika kichwa: "Mama, nimekutuma harusini, umeniletea mpishi analia!" Akajibu bila kupepesa macho, "Bwana harusi yumo. Mtazame nyuma ya sufuria, anacheka."

Tulicheka pia, hadi siku ya fainali.

Uwanja ulifurika. Tulikuwa tumechuchumaa nyuma ya goli, mchezo ukielekea ukingoni, timu ya nyumbani ilipofunga. Wapiga picha wote wakamkimbilia mfungaji. Mama Kinyume akaligeuzia goli mgongo, akaielekeza lenzi yake ndefu kwenye jukwaa la mashariki awatafute walionuna katikati ya wanaoshangilia. Akapiga picha moja. Akashusha kamera, akainyanyua tena.

"Wale wa chini hawashangilii," akasema.

Nikatazama. Niliona midomo wazi na mikono juu, jukwaa zima. "Wamepagawa kwa furaha tu, mama."

"Tazama mikono. Wa juu wanapunga. Wa chini wanasukuma."

Hapo ndipo nilipoona. Waliokuwa juu walikuwa wakiporomoka kwa shangwe, na waliokuwa chini walikuwa wamebanwa kwenye uzio wa waya. Lango dogo la kuingilia uwanjani lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile. Mlinzi wa lango, mtu mzima mwenye funguo kiunoni, alikuwa amelipa jukwaa kisogo, akitazama wachezaji wakikumbatiana.

"Fungua, kaka! Watu wanakufa!"

"Sina amri. Hao wanashangilia. Wakiingia uwanjani, kazi sina."

Mlinzi akajaribu kuita kwa redio, lakini kelele zikameza kila kitu. Mama Kinyume hakubishana. Alivua kamera yake, akamvisha yule mlinzi shingoni. "Usinisikilize mimi. Chungulia."

Akachungulia. Akachomoa funguo kiunoni. Lango likatikisika kwa msukumo hata ufunguo ukawa haushiki tundu, ikabidi Mama Kinyume alikamate kufuli kwa mikono miwili ili litulie. Lango lilipofunguka, watu walimwagika kwenye nyasi, mmoja juu ya mwingine. Tuliwavuta kwa mikono, kwa mashati, kwa chochote kilichoshikika, huku kipaza sauti kikiendelea kulisifu bao. Wengi waliinuka. Wawili hawakuinuka.

Kesho yake uongozi wa uwanja ukatangaza kwamba hakukuwa na msongamano wowote: mashabiki walikuwa wakishangilia, na vurugu ilianzishwa na mlinzi aliyefungua lango bila amri. Mlinzi akasimamishwa kazi. Sisi tulikuwa na ile picha moja: nusu ya juu furaha, nusu ya chini hofu, midomo ikifanana kama ya ndugu. Mhariri akasema tusubiri mambo yapoe.

"Yakipoa, huyu kaka atakuwa ameshafukuzwa," akajibu Mama Kinyume. "Ila sitaitoa kabla ya kumwona huyu." Akagusa pichani uso wa dada mmoja aliyekandamizwa kwenye waya.

Alizunguka wodi hadi akampata, mkono umefungwa plasta. Dada aliitazama picha. Kisha akasema, "Kaka yangu alikata roho mgongoni kwangu, halafu wanasema tulikuwa tunashangilia? Itoeni. Na mimi nionekane."

Mama Kinyume akairudisha picha hiyo kwa mhariri na maneno hayo hayo, akasimama mezani kwake mpaka alipokubali. Ilichukua ukurasa mzima. Uongozi ukaacha kutoa matamko, mlinzi akarudi kazini, na tangu hapo lango lile halifungwi kufuli watu wakiwa ndani.

Wengi wangetembea kifua mbele. Yeye alikuwa akija mezani kwangu na kuuliza, "Ningegeuka mapema kidogo, je?" Alibeba kamera, akarudi mtaani, na miaka iliyofuata akawafundisha nusu ya wapiga picha wa chumba hiki cha habari kutazama mikono kabla ya midomo.

Ijumaa ukumbini watakuwepo wageni wawili, yule mlinzi na yule dada. Hatukuwaalika sisi. Walisikia habari, wakapiga simu wenyewe, wakaomba viti vya mbele.

Mama yetu, ahsante kwa kila ulipogeuka. Nenda kapumzike na baba watoto, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Tunakuombea siku nyepesi na usingizi mzito.