Noah Inayokula Vizuri

Katika basi la kwenda Katoro, mbele yangu alikaa mzee Ndaki wa Samuye. Alikuwa akimsimulia jirani yake, fundi magari aitwaye Anisia, habari za gari aina ya Noah lililotumika analokwenda kulinunua. "Viti vinane, mwanangu! Jumapili wajukuu wote kanisani kwa safari moja!"

"Hongera, baba. Inakulaje mafuta?"

"Inakula vizuri. Hata oili inakula!" Alisema hivyo kwa fahari ya mfugaji, ambaye kwake mnyama anayekula ndiye mzima.

Anisia alicheka hadi akashika kiti. "Baba, hiyo si ng'ombe! Gari likila oili linaumwa. Litatoa moshi wa buluu, na wajukuu watauvuta mpaka kanisani."

"Juzi lilinguruma mbele yangu bila moshi!"

"Ulilikuta limeshawashwa?"

Mzee alifikiri. "Limeshawashwa."

"Basi, gari lilikuwa limeshapashwa moto. Moshi huo huonekana injini ikiwashwa ikiwa ya baridi. Leo gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, muuzaji amekuwahi, ameliwasha mapema kuficha moshi."

"Wabeja, mwanangu!" mzee alishukuru kwa Kisukuma. "Kumbe na magari hupimwa homa!"

Basi liliposimama Katoro, Noah ilikuwa kando ya barabara. Ndaki alishuka, akaipita shikamoo ya muuzaji bila kuiitikia, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiondoa upesi.

"Ya moto!" alitupigia kelele, kana kwamba ameshinda.

Anisia alijipiga paji la uso. Ilikuwa saa nane mchana, na gari lilikuwa limeegeshwa juani.