"Imesemaje?": Maisha ya Mwalimu Marcella Kendi Nyaga, 1963–2025

Mwalimu Marcella Kendi Nyaga, tunayemsindikiza leo hapa nyumbani kwake Kanja, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963 huko Kiirua, Buuri, katika nchi ya Meru. Alikuwa mtoto wa tano wa marehemu mzee Stephen M'Riungu na marehemu mama Jerusha Kanyua. Alizaliwa asubuhi ng'ombe wakiwa bado hawajakamwa, na mama alikuwa akisema mtoto huyo alikuja na kelele ya kutosha nyumba tatu. Kelele hiyo haikupungua maishani mwake. Ninyi aliowafundisha mnajua.

Kiirua aliyokulia Marcella haipo tena. Wakati ule gazeti lilifika moja tu, kwa basi, na lilifunguliwa kwa kinyozi. Mtu mmoja alisoma kwa sauti, na wengine hawakumwacha afike mstari wa tatu kabla ya kumkatiza. Huyo anayesemwa ni nani? Lini? Kwa hivyo bei ya pareto imepanda au imeshuka? Msomaji alilazimika kurudi nyuma, kutafuta, kuonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa. Marcella alitumwa chumvi akarudi bila chumvi, kichwa kimejaa habari za dunia. Siku hizi kila mtu anatembea na gazeti lake ndani ya simu, anasoma kimya na kucheka peke yake kama mgonjwa, na hakuna wa kumuuliza ameelewa nini.

Herufi alizijua kabla ya kuingia shule. Alifundishwa na mimi kaka yake, Kobia, ninayesoma wasifu huu, ambaye sikukaa darasani zaidi ya miaka mitatu. Vitabu vyetu vilikuwa magazeti ya kufungia nyama. Habari nyingi zilikuwa na damu katikati, kwa hivyo tulikisia maneno yaliyofunikwa, kisha tukabishana ni nani amekisia sawa. Alikuwa na miaka sita, na alinishinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka mbele ya watu.

Alisoma shule ya msingi Kiirua kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi 1980, na mwaka 1982 akaingia chuo cha ualimu Kigari, karibu na Runyenjes. Alihitimu mwaka 1984 na cheti cha P1. Huko Kigari ndiko alikokutana na Antony Nyaga, fundi aliyeitwa chuoni kutengeneza madawati. Nyaga anasema alitengeneza dawati moja kwa wiki nzima ili asimalize kazi. Walifunga ndoa kanisani hapa Kanja tarehe 20 Desemba 1986. Mama mkwe alilalamika mwanzoni kwamba mwanawe ameleta Mmeru ambaye Kiembu chake kinahitaji mkalimani. Baada ya mwaka mmoja alilalamika kwamba Mmeru huyo anaongea Kiembu kingi mno. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ireri, Ruguru na Riungu.

Marehemu alianza kazi mwaka 1985 katika Shule ya Msingi Kamuthandi, akifundisha Kiingereza, na hakuondoka hapo hadi alipostaafu Aprili 2023. Miaka ya mwanzo alifundisha kama alivyofundishwa. Mwalimu anasoma, darasa linaitikia, na chumba kizima kinaimba Kiingereza hadi wapita njia wanasimama. Darasa lake lilisifiwa tarafa nzima kwa kusoma vizuri. Yeye mwenyewe aliamini ni kweli. Kilichomgeuza kilitokea siku ya kufunga shule, Jumatano tarehe 7 Aprili 2004, na alipenda sana kukisimulia akijicheka hadi machozi.

Siku hiyo alitaka wazazi waone kwamba watoto wanaweza kusoma kitu kisicho hadithi ya sungura. Akabandua tangazo la Kiingereza lililokuwa mlangoni pa kituo cha majani chai, akampa Beverlyne wa darasa la tano, binti wa Bwana Mutwiri, mwenyekiti wa wazazi. Beverlyne alilisoma mbele ya wazazi wote kama maji yanayoteremka. Hakukwama popote. Mutwiri alisimama akatazama huku na huku ili watu waone ni baba wa nani. Makofi yalipigwa hadi kuku wakakimbia uwanjani. Mwalimu Marcella alipiga kuliko wote.

Tangazo lilisema kwamba Alhamisi lori la kiwanda halingekuja.

Alhamisi kina mama walichuma tangu alfajiri, mvua ikinyesha, wakabeba vikapu hadi kituoni na kungoja. Lori halikutokea. Jioni majani yalikuwa yamepata joto na kugeuka rangi, na wakayamwaga kando ya barabara. Mmoja wao alimkuta marehemu njiani, naye akiwa na kikapu chake mgongoni, kwa sababu hata yeye alikuwa amechuma!

"Mwalimu," mama huyo alimuuliza, "si lile tangazo lilisomwa jana?"

"Lilisomwa."

"Na vizuri!"

"Vizuri sana, mama."

"Sasa lilikuwa linasema nini?"

Marehemu alisema swali hilo lilimkalia kichwani kuliko kikapu kilivyomkalia mgongoni. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamesikia habari ya kuwasaidia, wakaipigia makofi, wakaenda kufanya kinyume. Waliojua Kiingereza walikuwa wakisikiliza matamshi. Wasiokijua walikuwa wakisikiliza utamu.

Shule ilipofunguliwa Mei, kuimba kuliisha. Kila Jumatano kabla ya chakula cha mchana aliingia darasa la tano na maandishi yenye habari za kweli: pakiti ya mbegu za mahindi, boksi la dawa ya minyoo ya ndama, ukurasa kuhusu nyuki, maelezo ya kuosha mikebe ya maziwa. Kwanza watoto walitazama kichwa cha habari na picha, wakasema wanachojua tayari. Kisha walisoma kidogo, wakafunika kwa kiganja, wakaelezana. Kisha marehemu aliinua kiganja chake juu na kupaza sauti: "Imesemaje?" Jibu lilikuja kwa mikono mingi, na kila jibu lilifuatwa na jingine: "Wapi? Nionyeshe." Mtoto alikimbia mbele na pakiti yake, kidole kwenye mstari. Kiingereza walikisoma, lakini kueleza aliwaruhusu kwa Kiswahili au Kiembu, katika shule ambayo mtoto aliyepatikana akiongea Kiembu alivishwa kibao shingoni. Siku walipofika mahali palipoandikwa kwamba nyuki dume hana mwiba, darasa lililipuka. Wavulana walitoka mbio kwenda kumwambia mlinzi wa shule, aliyefuga nyuki, naye akawajibu, "Kumbe na Wazungu wanajua?" Ukimwona marehemu jioni ya Jumatano ungedhani ametoka harusini.

Ilikuwa kwa kinyozi kule Kiirua, ndugu zangu. Alikuwa amepata njia ya kupafungua tena.

Lakini wazazi hawakufurahi. Watoto walioimba kama ndege sasa walisoma wakisimama, wakirudi nyuma, wakiuliza maneno. Katika mkutano wa Mei mwaka huo huo, Bwana Mutwiri alisimama. Yuko hapa mbele, na amekubali haya yasomwe.

"Mwalimu," alisema, "nilikuletea mtoto anayesoma. Sasa amekuwa mtu wa kugugumia. Juzi nilikuwa na wageni nikamwambia asome, akasoma mistari miwili akaniuliza mimi, baba yake, imesemaje! Mbele ya wageni!"

"Na ulimjibu nini, mwenyekiti?"

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimponza marehemu. Kamati iliamua kwamba kama kusoma kwa madaha hakujarudi kufikia mwisho wa muhula wa pili, aondolewe kwenye Kiingereza apewe masomo mengine. Mzee Nyaga anasema mkewe alirudi nyumbani akakaa bila kuongea, jambo ambalo lilimtisha kuliko uamuzi wenyewe. Alikuwa na muhula mmoja tu. Angeweza kuwarudisha watoto kwenye kuimba, nao wangefurahisha wageni wote wa Kanja. Nyaga alimshauri hivyo hivyo. Marehemu alimwambia, "Nikiwarudisha, nitakuwa nimewafundisha kupiga makofi tu." Jumatano iliyofuata aliingia darasani na pakiti zake.

Mwezi wa Julai tangazo jingine lilibandikwa mlangoni pa kituo cha majani. Daraja la chini lilikuwa linatengenezwa. Lori lisingeteremka kesho yake, na majani yangepokelewa kituo cha juu kabla ya saa nne. Watoto wa darasa la tano walilizunguka wakitoka shule. Walilisoma polepole, wakabishana kama ni kabla au baada ya saa nne, wakatafuta neno, wakakubaliana, wakatawanyika kila mmoja kwao. Jioni Beverlyne alimwambia baba yake.

"Ulisoma bila kusimama?" Mutwiri aliuliza.

"Nilisimama, baba. Nilisimama mara nyingi."

"Basi hujui ulichosoma. Ulipokuwa unajua hukusimama."

Nyumba nyingi ziliwasikiliza watoto wao zikapeleka majani juu. Mwenyekiti aliteremka chini na magunia yake akangoja peke yake, akidhani wenzake wamechelewa. Siku iliyofuata mlango wa chumba cha walimu ulifunguliwa kwa bega. Mutwiri aliingia na gunia, akaliweka juu ya meza, juu ya chai ya walimu. Harufu ilijaa chumba.

"Mwalimu Marcella, nusa."

"Mwenyekiti, haya hayanyweki."

"Huyu msichana aliniambia. Akasimama mara nyingi nikafikiri hajui."

"Alisimama ndipo ajue. Sasa lile tangazo lilisemaje?"

"Nipeleke juu."

"Kabla ya saa ngapi?"

"Mwalimu, usinifanyie hivyo mbele ya watu!"

Walimu walikimbilia nje kwenda kucheka. Mutwiri mwenyewe alicheka, kisha akaketi. Katika mkutano wa mwisho wa muhula alisimama akasema maneno machache tu: "Huyo mwalimu asiguswe." Hakuguswa. Kwa karibu miaka ishirini tena kila darasa la tano lilipitia Jumatano zake. Walimu wa shule jirani walikuja kukaa nyuma ya darasa kutazama. Kibao cha shingoni kilipotea siku moja na hakuna aliyekitafuta. Mzee Nyaga hapendi kuulizwa kuni zake za wiki hiyo zilitoka wapi.

Leo vitabu vya serikali vimejaa makabatini na vifaa vya kugusa kwa kidole vimeletwa. Watoto wanavifuta kwa kidole kama wanaondoa vumbi. Marehemu hakuwa mtu wa kununa kama kaka yake. Alikuwa akisema, "Kobia, kifaa hakina kosa. Kosa ni kwamba hakuna anayewauliza." Baada ya kustaafu aliendelea kwenda shuleni siku za Jumatano, bila kuitwa, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alianza kupata shida ya kumeza. Vipimo vilionyesha saratani ya koo la chakula. Alitibiwa Embu, kisha Nairobi, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Binti yake Ruguru ndiye aliyemuuguza. Siku moja Ruguru alimsomea maelezo ya dawa mpya kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Sauti ya mama ilikuwa imeshaanza kwenda. Marehemu aliinua kiganja. Ruguru alirudi mwanzo, akasoma polepole, akaeleza kwa Kiembu, na hapo ndipo wote wawili waligundua kwamba dawa hiyo ilipaswa kunywewa pamoja na chakula, nao walikuwa wakimpa akiwa na njaa, ndiyo maana ilimchoma. Alicheka bila sauti. Ruguru anasema hajawahi kumwona amefurahi hivyo kitandani.

Mwezi Septemba, sauti ikiwa bado ipo kidogo, Bwana Mutwiri alikuja kumtazama. Watoto walitaka wasifu wa mama yao usomwe kwa Kiingereza, kwenye karatasi ya kung'aa, kama mazishi ya siku hizi yalivyo. Marehemu alikataa. Alisema jamaa zake wa Meru na jamaa za mumewe wa Embu watakutana kwenye Kiswahili, na kwamba hataki kuzikwa kwa maneno matamu yasiyoeleweka. Kisha akamgeukia Mutwiri.

"Na siku yangu, mwenyekiti, wasipige makofi."

"Wafanye nini, mwalimu?"

Akainua kiganja.

Mwalimu Marcella alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa moja asubuhi, nyumbani kwake Kanja, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha mume wake Antony Nyaga. Watoto wake Ireri, Ruguru na Riungu. Wakwe wawili na wajukuu wanne. Kaka yake Kobia na dada yake Angeline. Ameacha pia Beverlyne, ambaye sasa ni mwalimu hapo hapo Kamuthandi na ndiye mwenye Jumatano ya darasa la tano, pamoja na wanafunzi wengi kuliko kiwanja hiki kinavyoweza kubeba, ingawa naona mmejaribu.

Nimefika mwisho wa kusoma, na naona mikono inaanza kuinuka kwa makofi. Iteremsheni. Mgeukie aliye kando yako, Mmeru kwa Muembu, mzee kwa kijana, na wewe mwenye simu uiweke mfukoni. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani kwenu, maisha haya yamesemaje. Akikosea, mwonyeshe wapi. Tutawangoja kabla ya kuteremsha jeneza.

Dada yetu Marcella apumzike kwa amani, na kelele yake tutaipiga sisi.