Kufunga Mlango kwa Makalio

Benchi liko mbele ya mlango wa Dobi: ubao mmoja juu ya matofali manne, na chupa ya kahawa hukaa katikati ili kila mkono uifikie. Dobi hajafua kwa miezi minane. Mgongo ulimkamata kwa chini, pale mkanda unapopita, na tangu hapo mkewe ndiye anayeinua mablanketi yaliyolowa, naye sasa ana mimba ya miezi saba. Mtaalamu wa viungo kule kliniki alimwambia Dobi kwamba mgongo haujavunjika, umesahau kazi tu, na mtu anaweza kuufundisha upya. Hii ni wiki ya tatu ya kuufundisha. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya benchi, akasukuma makalio nyuma, akainuka. Akarudia.

— Unatafuta nini huko nyuma? aliuliza Breki, dereva wa lori aliyestaafu.

— Mlango. Nimeambiwa niiname kama mtu anayefunga mlango kwa makalio, mikono imejaa. Nyonga ndiyo ikunjike, mgongo utulie.

— Makalio yana kazi moja, bwana. Kukalia benchi hili.

— Hata hilo nimeambiwa nisilikalie sana. Kila nusu saa niinuke.

Mzee Kamusi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kukosa jibu, aliweka kikombe chini.

— Mgongo ni wa kusimamia. Ungekuwa wa kukunja, ungewekewa bawaba.

— Mzee wangu, nikiogopa kuinama ndipo unapozidi kukakamaa. Niiname, ila kidogo kidogo.

— Huyo mtaalamu ana miaka mingapi?

— Sikumuuliza.

— Ndipo ulipokosea.

Breki alijimiminia kahawa.

— Nisikilizeni mimi. Mgongo ni springi ya lori. Ikilegea, unapaki. Wangu nimeupaki mwaka wa sita huu.

— Na umepona? aliuliza Dobi.

— Nimekwambia nimeupaki.

— Chanzo ni kitanda, alisema Kamusi. Ukilala kichwa upande wa mlango, upepo unauvuta uti. Miaka ishirini baadaye umekuwa mrefu kuliko ngozi yako.

— Mbona mimi nimepungua? aliuliza Breki. Suruali zangu zote siku hizi zinaburuta.

— Basi wewe ulielekeza miguu mlangoni.

Dobi alisukuma makalio nyuma mara ya nane. Hakucheka. Ndani alisikia maji yakikamuliwa, kisha kimya, mkewe akivuta pumzi, kisha maji tena.

Mwanamke mmoja ambaye hawakuwahi kumwona alifika na furushi la mashuka, akalibwaga chini.

— Hamjambo wazee. Dobi hapa ni nani?

Breki alitazama mlango, kule maji yalikokuwa yakikamuliwa. Kamusi alitazama ndani ya kikombe chake, ambamo hamkuwa na kitu.

Dobi alilisogelea furushi mpaka likawa katikati ya miguu yake. Akasukuma makalio nyuma, akalikumbatia karibu na tumbo, akainuka nalo. Mgongo ulinung'unika. Alishaambiwa utanung'unika, na kwamba kunung'unika si kuvunjika.

— Ni mimi, alisema. Yafuate Alhamisi.

Akaingia ndani, mikono imejaa, akaufunga mlango kwa makalio.