Zamu ya Watunza Bustani

Benchi la chuma kwenye kona ya uwanja wa Ajijic, mji mdogo wa Mexico, mkabala na kanisa, lina miguu mitatu na tofali, na halijawahi kukosa wenyewe. Jioni hiyo walikuwapo watatu, pamoja na Doña Tencha, muuza kahawa, na chungu chake kinachonukia mdalasini. Sikukuu ya Mtakatifu Andrea ilikuwa imepamba moto. Kila siku ina chama chake cha kazi, na kila chama hufyatua fataki kabla jua halijachomoza. Kesho ilikuwa zamu ya watunza bustani, na mfyatuaji wao ni Nicasio, ambaye hapo benchini huitwa Utambi, kama alivyoitwa babake. Mchana, Señora Lorraine, mstaafu wa Kimarekani ambaye bustani yake Nicasio ameilea tangu midimu haijafika magotini, alikuwa amemwambia: ukifyatua kesho, usirudi kazini.

— Alifoka? — aliuliza Dagaa, mwashi mwembamba kuliko mwiko wake.

— Wapi! Kwa upole. Akanipa na juisi.

— Basi umekwisha, kaka. Anayekufukuza kwa juisi hana hasira ya kupoa.

— Shida ni mbwa — alisema Wakili, aliyesoma sheria mwaka mmoja na kuitumia maisha yake yote. — Fataki zinawatisha, na mbwa wa hawa wastaafu wa kigeni wana madaktari wa akili. Kisheria, mwenye daktari ni mgonjwa, na mgonjwa hapigiwi kelele.

— Mbwa kisingizio tu! — akasema Dagaa. — Walianza kumlalamikia jogoo wa binamu yangu. Wakaja kwenye bendi. Sasa fataki. Mwakani kengele ya kanisa itavalishwa soksi.

— Ya sufu — akadakia Doña Tencha. — Wataifuma wenyewe, kwenye kile chama chao cha kufuma.

— Mnacheka? — Wakili alipaza sauti. — Ukimya ndio hati yao ya kumiliki! Mji ukinyamaza miaka kumi, unakuwa mali ya anayeusikiliza.

— Kifungu gani hicho, Wakili?

— Kipo.

— Basi na Mtakatifu Andrea watamstaafisha, wampeleke Texas akapumzike! — alisema Dagaa.

Nicasio alikuwa akiwaza midimu. Nani ataimwagilia? Akajikasirikia kwa kuiwaza.

— Utambi, mbona kimya? Fyatua, bwana! Tuko nyuma yako — alisema Wakili.

— Nyuma kabisa — alisema Doña Tencha. — Ninyi kesho mnafukuzwa na nani?

Hapo ndipo Señora Lorraine alipotokea, kwa miguu, bila mbwa. Kihispania chake kilikuwa kimenyooka kama ua wa michongoma alioukata Nicasio.

— Jioni njema. Sipingi sikukuu yenu. Niambieni kitu kimoja tu: kwa nini lazima iwe alfajiri?

Dagaa alilitazama kanisa, kana kwamba kuna mtu atatoka humo na jibu. Doña Tencha aliinamisha chungu, kukatoka machicha ya kahawa tu.

Nicasio akasimama.

— Sijui, señora. Babangu naye hakujua.

— Basi inaweza kuwa saa nne asubuhi.

— Haiwezi.

— Hujui sababu, lakini haiwezi?

— Ndivyo hivyo. Itakuwa saa kumi na moja alfajiri. Midimu nimeimwagilia leo, itavumilia hadi Jumamosi. Atakayekuja, mwambie ule wa ukutani asiukate matawi mpaka umalize kuzaa.

Akamrudishia Doña Tencha kikombe, akawaaga wote, na señora pia, akaenda kulala. Mfyatuaji huamka kabla ya watu.