Mwalimu Fanuel Kibona na Maji ya Mwezi

Mwalimu Fanuel Kibona alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, Isongole, Ileje, mtoto wa nne wa marehemu mzee Damiano na mama Elina. Tangu mdogo alikuwa mtu wa maswali, mpaka mama yake akawa anamwambia, "Fanuel, mwache Mungu apumzike kidogo."

Alisoma shule ya msingi hapohapo Isongole, sekondari Mbeya, kisha ualimu. Mwaka 1993 alipangiwa kufundisha fizikia hapa Tunduma.

Mwaka 1998 redio ilitangaza kwamba huenda mwezini kuna barafu. Loo, hakutulia tena! Alitaka watu waone jinsi wasafiri wa huko wangeoka udongo, wakakinga mvuke, wakapata maji ya kunywa, na mengine wakayatenganisha kupata hewa ya kuvuta na mafuta ya roketi. Akabandika tangazo kwenye geti la shule: "Jumamosi, 17 Oktoba, MAJI YA MWEZI, bure, wote karibuni." Jamani! Tunduma, kiangazi, bomba halijatoa tone wiki tatu! Kina mama walielewa ni mgao wa maji wa mwezi ule. Saa moja asubuhi walishafika na madumu, wakamkuta mwalimu na jiko la mkaa, sufuria ya udongo mkavu, na mpira unaodondosha tone, tone. Walimsema wakamaliza, wakaondoka. Aliona aibu mpaka akakaa chini. Alibaki mmoja, Germana, fundi cherehani kutoka Nanyala.

"Mimi nimekuja na dumu la lita ishirini," alisema. "Endelea tu, Mwalimu. Nitasubiri lijae."

Walifunga ndoa tarehe 24 Julai 1999. Kila Jumamosi marehemu alioka udongo, akapata funda moja, akalimimina kwenye dumu lile. Hata maji yakikatika mtaa mzima, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. "Nilimwahidi litajaa," alisema, wala hakuwa anatania.

Mwaka 2013 aliugua ini. Alitibiwa Mbeya, kisha akarudishwa nyumbani. Mikono ikashindwa kuinua sufuria, na zilibaki lita mbili tu dumu lijae. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Asubuhi ya tarehe 16 Septemba 2014 aliomba maji, na mkewe akachota kikombe kwenye dumu.

"Mama Blessing, unalipunguza!"

"Kunywa, baba. Siku ile mimi nilikuwa natafuta sababu ya kukaa."

Akanywa, akakunja uso, akacheka. "Miaka yote hii, kumbe hayana ladha!" Saa nne alifariki.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Blessing na Justine, ndugu watano, na dumu lililopungua lita mbili na kikombe kimoja.

Ee Bwana, mpe mwalimu wetu pumziko jema. Amina.