Alama Kisogoni mwa Mama Yetu Loukia

Baba Padri, ndugu, majirani na nyote mliotoka makaburini mkaja kunywa kahawa nyumbani kwetu, kaka yetu Petros yuko Aleksandria na meli haikumwahisha, kwa hiyo nitasoma mimi, Marigo, kitinda mimba, na yule bwana aliyekaa karibu na dirisha naomba arudishe penseli yake mfukoni, maana hatumjui.

Mama yetu, Loukia Skaramelis, alizaliwa tarehe 14 Machi 1830 katika kisiwa cha Syros, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya Waturuki kisiwani Chios, akasoma shule ya wasichana palepale hadi mwaka 1845, akabaki kufundisha watoto wadogo kusoma, na tarehe 6 Mei 1849 akafunga ndoa na baba yetu, marehemu Leonidas, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyemleta hapa Manchester, ambako alijaliwa watoto watatu, Petros, Kalliroi na mimi, na akafundisha katika shule ya Wagiriki wenzetu kwa miaka mingi.

Mama alipenda kusoma majarida ya Waingereza na hakuyaamini hata kidogo, kwa sababu humo mwanamke wa Kigiriki alikuwa ama sanamu ya marumaru, ama mateka wa Waturuki anayelia juu ya magofu akingoja Mwingereza aje kumwokoa, na kila alipoona picha hizo alituuliza, "Huyu naye, hana hata ndugu wa kumnunulia viatu?"

Oktoba 1870 jarida moja likatoa hadithi ya mateka wa namna hiyo, ila huyu aliitwa Loukia, alizaliwa Syros, alivaa hereni za Mama, na nywele zake zilipofunguka Mwingereza wake aliona alama nyekundu ya kuzaliwa kisogoni, akaibusu. Mama aliniita chumbani, akainama, akasema, "Hebu nitazame hapa," nami nikaikuta, alama ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kujua kama anayo.

Wakati huo dada yangu Kalliroi, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa ameposwa na mfanyabiashara wa Liverpool aliyelingana umri na Baba, siku ya harusi imekwisha kupangwa, ndipo dada wa bwana harusi akaja na jarida mkononi, akakataa hata kuketi, akasema, "Kaka yangu haoi kwenye nyumba inayosomwa na makarani ndani ya treni," na uchumba ukavunjika. Kalliroi alilia mchana kutwa, na jioni akala sahani mbili.

Baba alimshuku Bi Hartley, mwalimu wetu wa piano, kwa kuwa ndiye Mwingereza pekee aliyeingia kwetu, akamfukuza, habari zikaenea, akakosa wanafunzi katika nyumba zote za Wagiriki, na Mama, ambaye angeweza kumtetea, hakusema neno.

Mama alianza kuugua mapafu Novemba iliyopita, na juma la mwisho alituita akasema, "Msimtafute mtu tena, aliyesimulia habari zangu ni mimi, kwa mama mmoja wa Kiingereza tulipokwenda pwani, akanililia kwa huruma, nami nikafurahi kuliliwa," kisha akafariki tarehe 3 Februari 1889, saa nne asubuhi. Sikumwamini siku ile, na leo simwamini vilevile, kwani mtu hasimulii alama asiyoijua, na nywele zile zilichanwa na mtu mmoja tu kila Jumamosi, naye hakuwa Bi Hartley.

Tunamshukuru daktari aliyekuja hata barabara zilipojaa theluji, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliobeba jeneza. Tunakushukuru na wewe, Bi Hartley, uliyekuja bila kualikwa ukasimama karibu na mlango.

Kalliroi, dada yangu, nisingetaka kuolewa na yule mzee hata mimi, na Mama amekubebea jambo lako mpaka kaburini, lakini Bi Hartley yu hai na hajapewa kahawa, inuka umpelekee wewe, kwa mkono wako, umwambie mwenyewe ni nani aliyeisimulia alama ile.

Mama, pumzika kwa amani, haya yaliyobaki tutayamaliza sisi.